Karatasi ya njano ndani ya TV ya QLED: niliikata, sasa pembeni kunatoka bluu

Fundi_Msimbazi

Wakuu, habari za jioni. Mimi fundi TV, meza yangu iko Kariakoo, huu mwaka wa kumi na moja. Kazi za baklaiti, yaani taa za nyuma ya kioo, nimefanya mpaka usiku naota stripu za taa hizo. Ila hii moja imenishinda, na mteja ameanza kutaja mjumbe, kwa hiyo kabla hatujafika huko naomba mwenye elimu yake anifumbue macho.

Mwezi wa kumi na mbili nililetewa TV ya inchi 55, ya mtumba, imeandikwa QLED. Sauti ipo, picha ipo, nusu ya chini giza. Nikafungua. Nikatoa kioo, nikatoa karatasi za juu, nikakuta moja ya njano, njano ya embe lililoiva, si nyeupe kama tulizozoea. Chini yake ubao wa plastiki, halafu stripu. Nikaziwasha kwa testa: bluu tupu. Siyo nyeupe iliyochoka, bluu kweli, mpaka macho yanauma. Sasa sisi mafundi tunajua stripu nyeupe ikizeeka hugeuka bluu au zambarau, ule unga wa njano ulio juu ya taa unakuwa umeungua. Nikasema hizi zimeungua, au kuna fundi alipita hapa akaweka zisizo zenyewe. Nikafunga stripu nyeupe mpya za volti ileile.

Nikawasha. Mtangazaji wa taarifa ya habari kapakwa manjano kama bi harusi. Shati jeupe kama limefuliwa kwa maji ya dimbwi. Nikaingia kwenye menyu, nikapunguza nyekundu, nikapunguza kijani, picha ikazidi kufifia na umanjano uko palepale.

Nikatafuta stripu za bluu, nikazipata kwa jamaa mmoja ghorofani kwa bei ya kuumiza. Nikarudisha, picha ikakaa sawa. Lakini katika hilo toa-weka kijana wangu akaiegemeza ile karatasi ya njano kwenye chuma cha kuchomelea, ikatoboka katikati, tundu kama sarafu ya mia. Basi nikachomoa karatasi ya namna hiyohiyo kwenye TV ya inchi 65 iliyopasuka kioo, nikapima, nikakata kwa mkasi wa fundi cherehani, nikafuta alama za vidole kwa spiriti, nikapachika. Picha safi. Mteja akalipa, akaondoka anacheka.

Miezi minne baadaye karudi hacheki. Upande wa kushoto na wa chini, kote, kuna ukanda wa bluu umezunguka picha kama pindo la kanga. Upana wake ukucha wa kidole cha mwisho. Juu hakuna, kulia hakuna. Na nikikumbuka vizuri, kushoto na chini ndiko nilikopitisha mkasi.

Hii karatasi ni kitu gani? Ni plastiki ya rangi, au kuna kitu ndani? Kwa nini inakufa kuanzia nilipokata, kama jani la mgomba? Na kuna kingine kinanichanganya: nikiishika kwa mkono juu ya stripu za bluu hapa mezani, haitoi mwanga mweupe. Inatoa bluu-bluu iliyopauka. Lakini ikiwa ndani ya TV inatoa weupe. Ni nzima au ni mbovu?

Kibokoni_Elektroniki

Pole ndugu yangu. Mimi niko Mombasa, mtego huo wa stripu nyeupe na mimi niliuingia, tena TV ilikuwa ya shemeji yangu, mpaka leo sijasikia mwisho wake.

Shika hili moja: ukikuta karatasi ya njano na stripu za bluu, ni mke na mume hao, usiwatenganishe. Na ziko nyingine hazina karatasi, ule ubao mnene wenyewe ndio wa njano. Huo pia usiuguse. Na si kila boksi lililoandikwa maneno makubwa lina karatasi hiyo ndani, kwa hiyo fungua kwanza ndipo uagize spea.

Kupima kama nzima, chukua tochi ya zambarau ya kukagulia noti, ile waliyonayo mawakala wa pesa. Zima taa, mulika karatasi. Palipo hai patawaka njano inayoelekea rangi ya chungwa. Palipokufa patakaa kimya. Ukiona inang'aa bluu hafifu usifurahi, hata karatasi ya daftari hufanya hivyo.

Hilo la mezani kuwa bluu na ndani kuwa nyeupe, mimi pia nimeliona na sijui sababu yake.

Mzee_wa_Kontena

Vijana mnajichosha. Njano ni njano. Nenda duka la mapambo, nunua selofeni ya kufungia zawadi, weka, funga, mpe mtu TV yake.

MamaBika

Fundi, marahaba kabla hujanisalimia.

Mimi si profesa. Nimekaa maabara ya fizikia ya chuo kimoja miaka 24, kazi yangu kuosha bika, kuwasha mashine, na kuwaambia wanafunzi wa uzamili ukweli ambao msimamizi wao hana muda wa kuwaambia. Nimesoma swali lako mara mbili nikacheka peke yangu, kwa sababu kitu ulichokikata kwa mkasi wa cherehani ndicho wanangu hapa wanakiandikia tasnifu kila mwaka: polima, yaani jamii ya plastiki, iliyochanganywa na chembe ndogo mno za nano, ya kazi za mwanga na umeme. Wao wanatengeneza kipande cha ukubwa wa kiganja, kinatoka na mawimbimawimbi. Wewe ulikuwa na cha inchi 65 umekiweka chini ya meza.

Nianze na Mzee wa Kontena, maana atamtia mtu hasara. Selofeni ya njano inameza bluu, basi. Haizai kitu. Ukiiweka juu ya stripu za bluu tupu utapata giza, kwa sababu hakuna mwanga mwingine wa kupita. Karatasi ya Fundi inapokea bluu na kutoa kijani na nyekundu ambazo hazikuwepo kabisa. Kumeza na kuzaa ni vitu viwili.

Sasa imekaaje. Nje, huku na huku, kuna ngozi mbili za plastiki ya PET, jamii moja na chupa ya maji. Katikati kuna utando wa resini, na ndani ya resini hiyo kumetawanywa nukta za kwantamu, ndiyo ile Q ya QLED. Ni vipunje vya madini vya nanomita chache tu. Chukua milimita moja uigawe mara milioni, kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa kichwa chako una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Kichekesho cha vipunje hivi ni kwamba rangi yake haitokani na aina ya madini peke yake, inatokana na ukubwa. Umewahi kusimama karibu na ngoma? Chapuo ni kadogo, sauti yake nyembamba. Vumi ni kubwa, linanguruma. Ngozi ya mbuzi ileile, fundi yuleyule. Elektroni iliyobanwa kwenye kipunje kidogo hutoa mwanga wa nguvu nyingi, unaoelekea bluu. Kwenye kipunje kikubwa kidogo hutoa mwanga wa nguvu ndogo, unaoelekea nyekundu. Kwa madini ya kadmiamu selenaidi, ambayo ndiyo yaliyochunguzwa zaidi, nanomita 2 hivi zinakupa bluu, na 6 hivi zinakupa nyekundu. Kwenye karatasi yako wameweka saizi mbili, ya kijani na ya nyekundu. Stripu inatoa bluu ya nanomita kama 450. Sehemu yake inamezwa na kutoka kama kijani, kwenye 530 hivi, na nyekundu, kwenye 630 hivi. Bluu iliyobaki inapita zake. Zikikutana tatu, jicho linasema nyeupe.

Stripu nyeupe nayo ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Ulipoiweka chini ya karatasi hii, njano ya unga ilipita yote, halafu karatasi ikaichukua hata ile bluu kidogo iliyokuwepo na kuigeuza kijani na nyekundu. Bluu ikaisha njiani. Ndiyo bi harusi wako. Na menyu haiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikutoa.

Sasa ile ya mezani. Karatasi yako ni nzima, fundi. Bluu ikipita mara moja tu kwenye utando mwembamba namna ile, nyingi inatoka bila kukutana na kipunje. Ndani ya TV kuna zile karatasi za prizimu, zenye mistari midogo ukizipapasa kwa kucha. Kazi yake ni kuachia mwanga unaokwenda mbele na kuurudisha chini ule wenye mwelekeo mbaya. Uliorudishwa unapita tena kwenye karatasi ya njano, unagonga ule weupe wa chini, unapanda tena. Mwanga uleule unapita mara nyingi, na kila mara unaacha bluu kidogo. Usiamini maneno yangu. Shika karatasi ya njano juu ya stripu, halafu mtu akuwekee juu yake karatasi mbili za prizimu. Utaona bluu inayeyuka machoni pako.

Kwa nini inakufa kutoka ulipokata? Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko kwenye kazi yenyewe.

Nukta hizi zina maadui wawili, oksijeni na unyevu. Vikifika kwenye uso wa kipunje vinaharibu, kipunje kinaendelea kumeza mwanga au kinaacha kabisa, lakini hakitoi tena. Ndiyo maana kila kimoja huvishwa ganda la madini mengine, mara nyingi zinki salfaidi, na juu ya ganda manyoya ya molekuli ndefu. Halafu kinazamishwa kwenye polima. Lakini polima peke yake haizibi. Plastiki yoyote inapumua, taratibu, na wewe uko Dar, unajua chumvi ya mezani inavyolowa mwezi wa nne. Ukitazama mfuko wa krispi kwa ndani utaona ung'avu wa alumini. Ule ndio unaozuia hewa, plastiki ni ya kubeba tu. Kwenye karatasi yako hawakuweza kutumia alumini, mwanga usingepita, kwa hiyo zile ngozi mbili zimepakwa tabaka jembamba mno la oksaidi, ya alumini au ya silika, ambalo linapitisha mwanga kama kioo na linaziba kama kioo.

Juu imezibwa, chini imezibwa. Ubavuni hakuna kitu. Palipokatwa, resini iko wazi kama nyama ya sambusa iliyong'atwa, na unyevu unaingia kwa pembeni, milimita kwa milimita. Hata karatasi ya kiwandani hukatwa, lakini hukatwa kwa makali yanayoshuka mara moja, na huachiwa ziada inayojificha chini ya fremu, ili pakifa pafie gizani. Mkasi unabana, unapasua ngozi na resini visiachane sawasawa, unaacha midomo wazi. Na spiriti ukiipitisha kwenye midomo hiyo inanyonywa ndani kama utambi. Nina hakika pia kwamba ulikata ikawa fupi kidogo ili iingie bila kukwaruza.

Kuikata tena hakutasaidia, itapungua tu. Tafuta ya inchi 65 nyingine, acha kingo zake mbili za kiwandani juu na kulia kama ulivyofanya, na pande unazokata ziache ziingie kabisa chini ya fremu. Tumia wembe mpya wa kukatia karatasi na rula ya chuma, mkato mmoja, usirudie. Ukingo uufunge kwa tepu ya alumini, ile ya mafundi friji, upana wa milimita mbili tatu tu ili isionekane. Haitakuwa kama ya kiwandani. Itapunguza kasi. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu historia sitawachosha. Mrusi Alexei Ekimov aliona jambo hili, la ukubwa wa kipunje kubadili rangi, kwenye kioo cha rangi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus kule Marekani akaliona kwenye vipunje vinavyoelea majini muda mfupi baadaye, na Moungi Bawendi mwaka 1993 akapata njia ya kuvipika vikatoka vya ukubwa mmoja. Wote watatu wakapewa Nobel ya kemia mwaka 2023. Bawendi baba yake alikuwa Mtunisia, wanafunzi wangu hupenda nikiwaambia hilo. Skrini za kwanza zenye nukta hizi zilifika madukani mwaka 2013.

Kijana_wa_UV

Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya TV, nimejikuta nimeguswa mimi. Tasnifu yangu ni PVA, plastiki inayoyeyuka kwenye maji, na chembe za zinki oksaidi, asilimia 1, 3, 5 na 7 kwa uzito. Filamu ya asilimia 7 imetoka nyeupe kama tui la nazi. Kwenye grafu ya Tauc pengo la nishati, yaani nishati ya chini ambayo mwanga unahitaji ili umezwe, linashuka kila nikiongeza chembe, kutoka eV (elektroni-volti) 5.4 hadi 4.6, na msimamizi amefurahi sana, anasema tuandike kwamba inafaa kwa vifaa vya mwanga. Kuna ubaya?

MamaBika

Marahaba mwanangu. Ubaya upo, tena wa kawaida, usijione peke yako.

Niambie ulivyofanya nikueleze ulikokosea. Ulichemsha PVA kwenye maji ya nyuzi 85 au 90 mpaka ikayeyuka, ukamwaga unga wa zinki oksaidi, ukakoroga kwa sumaku, ukamimina kwenye sahani ya petri, ukakausha kwenye oveni ya nyuzi 40 siku mbili. Sivyo? Kwenye chupa ya unga imeandikwa nanomita 30. Hiyo ni saizi ya chembe moja ikiwa peke yake, na chembe hazipendi kukaa peke yake. Zinashikana mafungu kama unga wa ugali uliomwagwa kwenye maji baridi, na sumaku ya kukorogea haina nguvu ya kuyavunja. Wakati filamu inakauka taratibu siku mbili, zinapata muda zaidi wa kutafutana.

Kwa hiyo tui la nazi lako ni mafungu. PVA inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.5 hivi, zinki oksaidi kwa 2.0 hivi, na mwanga ukikutana na tofauti hiyo unatawanyika. Ukubwa ndio unaoua. Chembe ikiwa bado ndogo sana kuliko wimbi la mwanga, ukiongeza kipenyo chake mara mbili tu, inatawanya mara 64 zaidi. Hata ukihesabu kwa uzito uleule wa unga ni mara 8. Ndiyo maana karatasi ya Fundi imejaa chembe na bado unaona kitu upande wa pili, na yako ya asilimia 7 ni pazia.

Chukua kalamu ya leza ya kufundishia, ipitishe ubavuni mwa myeyusho wako kabla hujamimina. Maji safi ya PVA hayataonyesha kitu. Yenye mafungu yatachora mstari unaowaka kutoka huku hadi huku. Mstari huo ukiuona, usimimine. Rudi kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, uweke bika kwenye barafu isichemke, ukoroge unga kwanza kwenye maji peke yake, ndipo uingize kwenye PVA.

Sasa pengo la nishati. Tauc na wenzake mwaka 1966 walichora grafu ile kwa ajili ya jerimaniamu isiyo na mpangilio wa fuwele. Inadai kitu kimoja: mwanga uliopotea uwe umemezwa. Mashine yetu ya kawaida haijui hilo. Inahesabu mwanga uliofika kwenye kipokezi tu, na ule uliotawanyika pembeni inauandika kwenye daftari la uliomezwa. Ukiongeza unga, mtawanyiko unaongezeka, mkunjo unanyanyuka, mstari wako wa rula unahama, na pengo "linashuka". PVA haijabadilika chochote. Na zinki oksaidi ina ukingo wake wenyewe karibu na eV 3.3, yaani nanomita 370 na kitu. Ukiona bega mahali hapo ni lake, si la mchanganyiko. Tafuta mahali penye tufe la kukusanya mwanga, hata ule uliotawanyika, hata kama ni kuomba chuo jirani, upime sampuli mbili tu, ya asilimia 1 na ya 7. Ukishindwa, andika kwamba ni ukingo unaoonekana na useme filamu ilikuwa na ukungu. Msimamizi atanuna wiki moja. Mtahini wa nje akikushika kwa hilo, utanuna wewe mwaka mzima.

Na ukitaka iwe na kazi kweli, soma kuhusu ile plastiki inayofunika taa ya LED. Kichipu cha galiamu naitraidi kina kipimo cha kupinda mwanga cha 2.4 hivi. Mwanga ukijaribu kutoka kwenda hewani kupitia uso mmoja ulio bapa, unaofaulu ni kama asilimia 4 au 5 tu, uliobaki unarudishwa ndani. Ukikifunika kwa silikoni ya 1.5 inakuwa kama asilimia 11. Watu wanachanganya chembe za zirikonia kwenye silikoni ili kipimo kipande zaidi, na shida yao kubwa ni hiyohiyo yako, mafungu. Hapo chembe ndogo iliyotawanyika vizuri ina faida unayoweza kuishika kwa mkono.

Kibokoni_Elektroniki

Mama shikamoo, swali la mzazi. Umetaja kadmiamu. Mimi watoto wangu hushinda dukani, na takataka zetu huku huchomwa nyuma ya nyumba. Hizi karatasi ni sumu?

MamaBika

Marahaba baba. Usichome. Hilo ndilo jibu, mengine ni maelezo.

Kuna za kadmiamu na kuna za indiamu fosfaidi. Ulaya wameweka kikomo cha kadmiamu kwenye vifaa vya umeme, sehemu 100 kwa milioni, na viwanda vingi vya TV vimekwenda kwenye indiamu. Lakini kwa macho huwezi kujua uliyoshika ni ipi. Ikiwa nzima, vipunje vimefungwa ndani ya resini na havitoki kwa kuguswa. Ukiichoma au kuipiga msasa, unavifungulia mlango. Weka vipande kwenye mfuko, uviweke pamoja na betri mbovu na bodi mbovu, vipelekwe huko vinakopelekwa hivyo. Na mtoto asichezee ukingo uliokatwa.

Kijana_wa_UV

Asante mama, nimekuelewa ingawa imeniuma. Fundi, nikulipe fadhila: tafuta CD ya zamani. Toboa boksi la viatu mpasuo mwembamba kama unene wa kadi, elekeza mpasuo kwenye TV yenye picha nyeupe, halafu tazama mwanga wa mpasuo huo ukiakisiwa na CD kwa kuilaza kidogo. Utaona rangi zimejitandaza, na zikitengana vipande ni dalili kwamba huenda TV ina nukta.

Fundi_Msimbazi

Mama shikamoo, wakuu salaam. Nimechelewa kurudi, wiki tatu, nilikuwa napima.

La prizimu kwanza. Nilimwita kijana wangu, yeye kashika karatasi ya njano juu ya stripu, mimi nikashusha za prizimu. Ya kwanza, bluu ikapungua. Ya pili nikaigeuza mistari yake ikatane na ya kwanza, ikawa nyeupe. Jamaa wa meza ya jirani akaacha simu ya mtu aliyokuwa anaifungua akaja kutazama. Tumerudia mara nne bila sababu.

Tochi ya noti nimeazima kwa wakala wa pale kona. Karatasi ya mteja inawaka vizuri katikati, ila kushoto na chini kuna ukanda umekaa kimya, na mpaka wake si mstari ulionyooka. Umeingia ndani zaidi mahali ambapo mkasi uliteleza, nakumbuka kabisa, simu iliita. Mama, na kweli niliikata fupi.

CD: TV ya stripu nyeupe nimeona rangi zimeungana kama upinde wa mvua. Hii ya QLED nimeona bluu, giza, kijani, giza kidogo, nyekundu. Vipande vitatu. Halafu kwa ubishi wangu nikajaribu kwenye TV moja mpya kabisa ya dukani iliyoandikwa maneno hayohayo ya QLED, nikaona upinde wa mvua tu. Sitaji jina, mwenye duka ni rafiki yangu.

Lile tundu la sarafu niliichukua ile karatasi iliyotoboka nikakata vipande viwili kwa wembe. Kimoja nimekizungushia tepu ya alumini pande zote nne, kingine nimekiacha wazi, vyote nimevitundika bafuni kwangu, mke wangu kauliza mara moja akakata tamaa. Leo siku ya kumi na tisa. Kilicho wazi, tochi inaonyesha ukingo umeanza kufifia, kama milimita moja hivi, upande mmoja zaidi ya mwingine. Chenye tepu nikiifunua kidogo bado kinawaka mpaka mwisho. Nimeirudishia tepu.

Mteja nimeongea naye. Amekubali asubiri, gharama ya karatasi yangu, ufundi bure. Haki yake.

Kwa hiyo natafuta ya inchi 65, au ya 55 yenyewe kama ipo, iliyotoka kwenye TV iliyopasuka kioo, haijakatwa, haijafutwa kwa spiriti. Mwenye nayo aje na tochi tumulike pamoja. Mzee wa Kontena, najua kontena lako lina TV zilizovunjika, punguza bei.

Mzee_wa_Kontena

Ninazo mbili. Ya selofeni nimefuta kauli. Njoo Jumamosi, tochi uje nayo wewe.